Deni la Damu: Sadaka za Watu na Sanaa ya Dini kwa Waazteki na Wamaya

Katikati ya mji wa Mexico, karibu kabisa na kanisa kuu la Askofu, pako shimo pana lenye mawe na kuta za kale. Ni mabaki ya hekalu kuu la Waazteki. Mwezi wa pili wa mwaka 1978, wafanyakazi wa umeme walipokuwa wakichimba pahali pale, walipiga jiwe la mviringo lenye upana wa zaidi ya mita 3. Juu ya jiwe lile imechongwa sura ya mwanamke aliyekatwa kichwa, mikono na miguu. Wenye elimu walipoitwa walitambua mara jina lake: Coyolxauhqui, dada wa mungu wa vita. Tangu siku ile wachimbaji hawajaacha kazi, na kila mwaka ardhi inatoa ushuhuda mpya: visu vya mawe, mifupa, mafuvu, na pamoja navyo vyombo na sanamu zilizofanywa kwa ufundi wa ajabu.

Wasomaji wapenzi, juu ya mambo haya watu husema maneno ya namna mbili. Wengine husema: wale walikuwa wanyama tu, kazi yao ilikuwa ya shetani tangu mwanzo hata mwisho, hakuna kitu cha kujifunza kwao. Wengine, hasa siku hizi, husema: sadaka za watu ni masingizio ya Wahispania, waliotaka kuhalalisha wizi wao. Maneno yote mawili ni mepesi, na yote mawili hayatoshi. Padri ao katekista anayetaka kusema kweli mbele ya watu wake lazima ajue kwanza ni nini kilichofanyika, kisha kwa sababu gani kilifanyika, na mwisho Kanisa lilijibu namna gani. Tufuate njia hiyo.

I. WATU HAWA WALIKUWA NANI

Tusiwachanganye Waazteki na Wamaya. Wamaya ni taifa la zamani zaidi. Inchi yao ni kusini ya Meksiko, Yucatán, Guatemala na sehemu ya Honduras. Wakati wa utukufu wao ulikuwa kati ya mwaka 250 na mwaka 900 nyuma ya Kristu. Hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mji ulikuwa na mfalme wake: Tikal, Palenque, Copán, Yaxchilán na mingine mingi. Walijua kuandika kweli kweli, walijua kuhesabu kwa sifuri, na walifuata mwendo wa nyota kwa uangalifu mkubwa. Wasidhani wasomaji kwamba taifa hili limekwisha: mamilioni ya Wamaya wako hai hata leo, na lugha zao zinasemwa.

Waazteki walikuja nyuma. Walikuwa kabila maskini lililotoka upande wa kaskazini, wakajenga mji wao Tenochtitlan katika kisiwa cha ziwa, yapata mwaka 1325. Mwaka 1428 walifanya agano na miji miwili, Texcoco na Tlacopan, na toka siku zile wakaanza kuwashinda jirani zao na kuwatoza kodi: mahindi, nguo za pamba, kakao, manyoya ya ndege, dhahabu. Hernán Cortés alipofika mwaka 1519, mfalme Moctezuma wa pili alitawala inchi pana sana. Lakini ufalme huo, uliotisha watu wote, ulikuwa haujamaliza hata miaka 100.

II. IMANI YAO: ULIMWENGU UNA DENI

Mtu hawezi kuelewa sadaka zao asipojua hadithi zao za asili. Waazteki walisadiki kwamba mbele ya ulimwengu huu zilikuwako nyakati nyingine nne, kila moja na jua lake, na zote ziliharibika: ya kwanza kwa chui, ya pili kwa upepo, ya tatu kwa mvua ya moto, ya nne kwa maji. Nyuma ya hayo giza likaenea. Miungu wakakusanyika Teotihuacan, wakawasha moto mkubwa, wakauliza: ni nani atakayejitupa motoni apate kuwa jua? Mmoja, tajiri na mwenye majivuno, aliukaribia moto mara nne, na mara nne akarudi kwa woga. Hapo Nanahuatzin, mungu mnyonge mwenye vidonda mwilini, alifumba macho akajitupa. Huyu ndiye aliyekuwa jua. Yule mwenye majivuno aliona haya, akamfuata, akawa mwezi. Lakini jua lilisimama tu pale mbinguni bila kwenda, mpaka miungu wengine nao wakakubali kufa.

Angalieni maana ya hadithi hiyo. Kwa Waazteki, si watu walioanza kuwatolea miungu sadaka. Ni miungu walioanza kutoa damu yao kusudi watu waishi. Basi kila mtu anazaliwa na deni. Jua analoota, mvua inayonyeshea shamba lake, mahindi anayokula, vyote vilinunuliwa kwa damu. Katika lugha yao ya Kinahuatl sadaka iliitwa nextlahualli, maana yake kulipa deni. Na jua hili la tano nalo lingeweza kufa. Lilihitaji chakula kila siku, na chakula chake kilikuwa kitu chenye thamani kupita vyote: moyo wa mtu na damu yake.

Hofu hiyo ilionekana zaidi katika sikukuu ya Moto Mpya, iliyofanywa kila miaka 52. Usiku ule mioto yote ya inchi ilizimwa. Watu walikaa gizani juu ya mapaa, wakingoja kujua kama nyota zitaendelea na safari yao. Juu ya kilima kimoja makuhani walizitazama nyota. Zilipopita katikati ya mbingu, walipekecha moto juu ya kifua cha mateka, kisha wakaupasua wakatoa moyo. Toka moto ule mdogo mienge ilipelekwa kwa mbio katika mahekalu na katika nyumba zote. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1507, miaka 12 tu mbele ya Wahispania kufika.

Wamaya nao walikuwa na imani inayofanana na hiyo. Kitabu chao kiitwacho Popol Vuh kinasimulia kwamba miungu walijaribu kumfanya mtu kwa udongo, kisha kwa mti, wasifaulu. Mwisho walimfanya kwa unga wa mahindi. Mtu ni mahindi, na mahindi hayaoti bila mbegu kuzikwa. Kitabu hiki tusingekuwa nacho pasipo padri mmoja Mdominiko, Francisco Ximénez, aliyekinakili kwa lugha ya Kik'iche' mwanzoni mwa karne ya 18, akiwa paroko wa Chichicastenango. Tutarudi kwa jambo hilo.

III. SADAKA ZENYEWE

Kwa Waazteki mwaka ulikuwa na miezi 18 ya siku 20, na siku 5 za mkosi zikaongezwa. Kila mwezi ulikuwa na sikukuu yake, na katika nyingi damu ya watu ilimwagika. Waliochinjwa walikuwa hasa mateka wa vita, tena watumwa walionunuliwa, na mara nyingine watoto.

Sikukuu moja itatosha kuonyesha mambo. Kwa mungu Tezcatlipoca walichagua kijana asiye na kilema hata kimoja mwilini. Mwaka mzima alitunzwa kama mungu mwenyewe: alifundishwa kupiga filimbi, kusema kwa adabu, kushika maua, alipopita mjini watu walimwinamia. Siku 20 za mwisho alipewa wake wanne. Halafu alipelekwa kwenye hekalu dogo, akapanda ngazi mwenyewe, na kwenye kila daraja alivunja filimbi moja kati ya zile alizopiga mwaka mzima. Huko juu makuhani walimlaza juu ya jiwe, wakampasua kifua. Siku ile ile kijana mwingine alichaguliwa kwa mwaka uliofuata. Kwa namna hiyo, yule aliyechinjwa hakuhesabiwa kuwa zawadi kwa mungu tu. Alikuwa mfano wa mungu mwenyewe anayekufa na kufanywa upya.

Kwa Tlaloc, mungu wa mvua, walitoa watoto. Machozi yao yalihesabiwa kuwa alama njema ya mvua. Katika hekalu kuu wachimbaji wamekuta, pahali pamoja, mifupa ya watoto 42, na wenye elimu wengi wanafikiri kwamba walitolewa wakati wa njaa kali ya katikati ya karne ya 15. Tusipite hapa kwa haraka. Walikuwa watoto wenye mama na baba.

Kwa Wamaya, sadaka ya kwanza ilikuwa damu ya mfalme mwenyewe. Katika mji wa Yaxchilán liko jiwe lililowekwa juu ya mlango, sasa linahifadhiwa London. Linaonyesha tendo la mwaka 709: mfalme ameshika mwenge, na mbele yake mke wake, Bibi K'abal Xook, amepiga magoti akivuta kamba yenye miiba katika ulimi wake. Damu inadondoka juu ya karatasi ndani ya kikapu, nayo itachomwa ili moshi upande kwa miungu. Mtawala asiyekubali kuumia kwa ajili ya watu wake hakustahili kutawala: ndilo fundisho la jiwe lile.

Lakini Wamaya nao walichinja mateka, na zaidi wakubwa waliokamatwa vitani. Mwaka 738 mfalme wa Copán, aliyejaza mji wake sanamu nzuri kupita zote za wakati ule, alikamatwa na mfalme wa Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini yake, akakatwa kichwa. Huko Chichén Itzá watu walitupwa katika kisima kikubwa cha asili pamoja na vitu vya dhahabu na vya jiwe la kijani. Zamani watu walipenda kusimulia kwamba waliotupwa mle walikuwa wanawali wazuri. Hadithi hiyo haikuwa na msingi. Karibu na kisima kitakatifu, mwaka 1967, lilipatikana shimo lenye mifupa ya watoto zaidi ya 100. Wenye elimu walipima damu ya ukoo katika mifupa ya 64 kati yao, na mwaka 2024 walitangaza matokeo: wote 64 walikuwa wavulana, wengi wa miaka kati ya 3 na 6, wengine ndugu wa karibu, tena jozi mbili za mapacha. Pengine walichaguliwa kwa kuwakumbuka mapacha wa Popol Vuh, walioshuka kuzimu wakaishinda mauti.

IV. JUU YA HESABU

Hapa mwanahistoria lazima awe mwangalifu. Mwaka 1487 mfalme Ahuitzotl alizindua hekalu kuu lililokwisha kupanuliwa. Mdominiko Diego Durán, aliyeandika karibu miaka 100 nyuma, anasema kwamba walichinjwa watu 80,400 kwa siku nne. Tufanye hesabu wenyewe. Ni watu zaidi ya 20,000 kila siku, yaani karibu 14 kwa kila dakika, usiku na mchana, bila kupumzika. Jambo hilo haliwezekani kwa visu vya mawe. Kitabu kingine kinataja 20,000, na hata hiyo ni shida kuisadiki. Tusisahau kwamba wafalme wa Azteki wenyewe walipenda kukuza hesabu ili kutisha jirani, na Wahispania nyuma yao walipenda kuikuza kwa sababu nyingine.

Lakini kukana kila kitu nako ni kosa. Cortés na wenzake walieleza habari ya uchanja mkubwa wa miti ambapo mafuvu ya vichwa yalitungwa safu kwa safu, na karibu yake minara iliyojengwa kwa mafuvu na chokaa. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 2015 wachimbaji walifika pahali penyewe, nyuma ya kanisa kuu, na mpaka mwaka 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu zaidi ya 600 katika mnara mmoja. Si ya askari tu: yako ya wanawake na ya watoto. Basi hesabu ya 80,400 ni uongo, lakini mafuvu si uongo. Mtu anayependa kweli ashike yote mawili.

Tena sadaka hizi zilikuwa na sura ya siasa. Waazteki walialika wafalme wa adui zao kwa siri kuja kutazama sikukuu, kusudi warudi kwao na hofu. Pamoja na watu wa Tlaxcala walifanya vita vilivyoitwa vita vya maua, ambavyo shabaha yake moja ilikuwa kupata mateka. Hofu ile ilizaa chuki. Cortés alipofika na askari wachache, watu wa Tlaxcala kwa maelfu walifuatana naye. Tarehe 13 ya mwezi wa nane mwaka 1521 Tenochtitlan ulianguka, umepigwa na Wahispania, na jirani zake mwenyewe, na ugonjwa wa ndui.

V. SANAA ILIYOZALIWA NA IMANI ILE

Sasa tuseme neno juu ya sanaa, kwa maana hapa ndipo moyo wa msomaji unapogawanyika. Namna gani mikono iliyochinja iliweza pia kuchonga vizuri hivi?

Jibu ni kwamba kwao haya hayakuwa mambo mawili. Tazameni lile jiwe la Coyolxauhqui. Hadithi yasema: Coatlicue, mama wa miungu, alikuwa akifagia juu ya mlima Coatepec, akaokota kitonge cha manyoya, akapata mimba. Binti yake Coyolxauhqui na wanawe 400 waliona haya, wakapanda mlima kumwua. Wakati ule ule Huitzilopochtli akazaliwa mwenye silaha, akamkata dada yake, na mwili ukabingirika hata chini ya mlima. Basi hekalu kuu lilikuwa mlima ule. Juu yake ilikuwa nyumba ya Huitzilopochtli. Chini ya ngazi zake lililala jiwe la dada aliyekatwa. Mateka alipouawa huko juu, maiti yake ilibingirika kwa ngazi mpaka pale chini. Jiwe, ngazi, kisu na mtu, vyote vilikuwa maneno ya sala moja. Sanaa haikuwa pambo la ibada. Ilikuwa sehemu ya ibada.

Hivyo hivyo lile Jiwe la Jua, lililofukuliwa mwezi wa 12 mwaka 1790, lenye upana wa zaidi ya mita 3 na nusu na uzito wa tani 24 hivi. Wengi huliita kalenda. Katikati uko uso wenye ulimi kama kisu cha jiwe. Kandokando mikono yenye makucha imeshika mioyo. Kuzunguka uso zimechongwa alama za zile nyakati nne zilizoharibika. Ni katekismu nzima ya Waazteki katika jiwe moja: ulimwengu ulikufa mara nne, na huu wa tano unaishi kwa damu.

Kwa Wamaya tutaje Bonampak, katika msitu wa Chiapas. Vyumba vitatu vya nyumba moja vilipakwa rangi kutani yapata mwaka 790, na wenye elimu wakavijua mwaka 1946. Chumba cha kwanza kinaonyesha wakubwa na wapiga tarumbeta. Cha pili vita, kisha mateka juu ya ngazi mbele ya mfalme, wakitazama vidole vyao vinavyotoka damu. Cha tatu michezo na kutoa damu. Mmoja wa mateka amelala amekufa juu ya daraja za ngazi, mwili wake umelegea, mkono unaning'inia. Fundi aliyemchora alimwangalia mtu yule kwa macho ya huruma. Asingeweza kuchora hivyo asipojua kwamba ni mtu kama yeye. Nadhani hakuna picha katika Amerika yote ya kale inayosema zaidi kuliko hiyo. Dini ya mji ilisema: huyu ni chakula cha miungu. Mkono wa fundi ulisema: huyu ni mtu.

VI. KANISA LILIJIBU NAMNA GANI

Wafransisko 12 walifika Meksiko mwaka 1524, na nyuma yao Wadominiko na Waagustino. Walikomesha sadaka za watu, na kwa jambo hilo hatuna haya mbele ya mtu yeyote. Lakini namna zao hazikuwa moja, na tofauti zake ni fundisho kwetu.

Namna ya kwanza ni ile ya Mfransisko Diego de Landa. Tarehe 12 ya mwezi wa saba mwaka 1562, mjini Maní katika Yucatán, alichoma moto vitabu vya Wamaya na sanamu zao kwa wingi, na wenyeji waliteswa ili wakiri kwamba wanaabudu sanamu kwa siri. Askofu Toral alipofika alilaumu kazi ile. Landa alikwenda Hispania kujitetea, na nyuma ya miaka alirudi Yucatán akiwa askofu. Leo vitabu vya Wamaya vilivyobaki duniani ni vinne tu. Na kwa ajabu ya mambo, Landa huyo huyo aliandika kitabu juu ya desturi za Wamaya, na alama za maandishi alizoandika humo zilimsaidia Mrusi Yuri Knorozov, mwaka 1952, kuanza kufungua maandishi yao. Mkono uliochoma ndio ulioacha ufunguo.

Namna ya pili ni ya Mfransisko Bernardino de Sahagún, aliyefika mwaka 1529. Alisema kwamba mganga hawezi kutoa dawa asipojua ugonjwa. Kwa hiyo alikaa na wazee, akawauliza juu ya miungu, sikukuu, sala, mitishamba, ndege, ufundi, na hata vita vya kushindwa kwao. Wanafunzi wa chuo cha Tlatelolco, vijana wenyeji waliojua Kinahuatl, Kihispania na Kilatini, waliandika pamoja naye. Kati yao Antonio Valeriano na Martín Jacobita. Mwaka 1576, wakati wa tauni kali iliyoua watu bila hesabu, walikuwa bado wanaandika na kuchora. Kazi ikawa vitabu 12, na sasa vinahifadhiwa Firenze. Sahagún hakuzipenda sadaka zile, alizichukia. Lakini alianza kumjua mgonjwa kwanza, na zaidi ya yote tunayojua leo juu ya Waazteki tunayajua kwa yeye na kwa wale vijana. Mfalme Filipo wa pili hakufurahi: mwaka 1577 aliamuru maandiko yake yatwaliwe.

Namna ya tatu ni ya Mdominiko Bartolomé de las Casas. Mjini Valladolid, mwaka 1550 na 1551, alishindana kwa maneno na Juan Ginés de Sepúlveda. Huyu alisema kwamba sadaka za watu zinatosha kuhalalisha vita juu ya wenyeji. Las Casas alijibu jambo lililoshangaza wengi: watu wasiopata ufunuo, wanaomtolea yule wanayemdhani kuwa Mungu kitu kipitacho vyote kwa thamani, hawaonyeshi kwamba hawana akili, wanaonyesha jinsi wanavyoheshimu umungu. Wanakosa, tena sana. Lakini kosa lao linaponywa kwa mafundisho, si kwa upanga, na vita vinaua watu wengi kuliko sadaka. Kabla yake, mwaka 1537, Papa Paulo wa tatu alikuwa ametangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli, na kwamba haifai kuwanyang'anya uhuru wala mali.

Hapa mwanafunzi wa teolojia atakumbuka fundisho la Mtakatifu Tomaso: kumtolea Mungu sadaka ni jambo la sheria ya asili iliyo ndani ya mtu. Kwa hiyo Waazteki na Wamaya hawakukosa kwa kutaka kutoa sadaka. Hawakukosa wala kwa kufikiri kwamba uzima unatoka kwa yule aliyejitoa afe. Walikosa walipodhani kwamba mtu anaweza kumchukua mwenzake na kulipa deni lake kwa damu ya yule mwingine. Ndilo kosa Mungu alilomfundisha Abrahamu mlimani, alipouzuia mkono wake juu ya Izaki. Ndilo manabii Yeremia na Mika walilolipigia kelele, maana hata kati ya Waisraeli walikuwako waliochoma watoto wao. Na jibu la mwisho ni Msalaba: pale hakuna mtu aliyekamatwa na mungu mwenye njaa, bali Mwana wa Mungu alijitoa mwenyewe, mara moja kwa wakati wote. Deni lililipwa. Nyuma ya hapo, kila damu ya mtu inayomwagwa ili kitu kikubwa kiishi, kikiitwa jua, ao taifa, ao utajiri, ni kurudi kwenye jiwe la Tenochtitlan.

VII. YALIYOBAKI

Mambo mawili ya mwisho. Mwaka 1790, mwezi wa nane, ilifukuliwa sanamu kubwa ya Coatlicue, yenye sketi ya nyoka na shanga za mikono na mioyo. Ilipelekwa katika uwanja wa Chuo Kikuu. Lakini ilionekana kwamba wenyeji wanaijia na mishumaa na maua. Wakubwa waliogopa, wakaizika tena. Karibu miaka 270 ya Ukristu ilikuwa imepita. Je, waliozika jiwe walimaliza shauri? Jambo ambalo halikujibiwa moyoni haliishi kwa kufunikwa na udongo.

Na neno hili liwe la mafratri hasa. Chuo cha Tlatelolco kilifunguliwa mwaka 1536 kwa matumaini kwamba wenyeji watapata mapadri wao. Mwaka 1555 Mtaguso wa Meksiko ulikataza wasipewe daraja. Na ulimwengu haukuwa mgeni wa jambo lile: tangu mwaka 1518 Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo, alikuwa amechaguliwa kuwa askofu. Meksiko ilikuwa na vijana waliojua Kilatini vizuri, waliojua moyo wa watu wao toka ndani, na mlango ukafungwa mbele yao. Ni nani angeweza kulijibu lile deni la jua vema kuliko wao?

Walijibu hata hivyo, kwa mikono yao. Katika shule ya Mfransisko Pedro de Gante walikuwako mafundi wa manyoya, ufundi ambao zamani ulivika sanamu za miungu. Mwaka 1539 walimfanyia Papa Paulo wa tatu picha moja kwa manyoya ya ndege, wakati wa mtawala mwenyeji Don Diego Huanitzin, jamaa ya Moctezuma. Picha hiyo iko leo Auch, katika Ufaransa. Inaonyesha Misa ya Mtakatifu Gregori: padri amepiga magoti mbele ya altare, na juu ya altare Yezu Kristu anasimama na kuonyesha vidonda vyake. Kati ya habari zote za imani, ndiyo waliyoifanya: sadaka. Manyoya yalikuwa yale yale, mikono ilikuwa ile ile, na hata swali lilikuwa lile lile la wazee wao juu ya uzima na damu. Ni jibu tu lililogeuka. Na miaka 18 tu ilikuwa imepita tangu ngazi za hekalu kuu zikauke.